Njia nne za panya za galaksi: Utando, Warp, Dolmeni au Nexus kwa kampeni yako ya Warhammer 40,000

Mwandaaji wa kampeni, yaani mfululizo wa mapambano yenye hadithi moja, ya Warhammer 40,000, mchezo wa vita wa mezani unaochezwa kwa sanamu ndogo na dadu, kwa kawaida huanza na majeshi, kisha huchagua sayari ambako yatapigana, na swali la jinsi majeshi hayo yalivyofika huko huachwa mwisho au husahaulika kabisa. Mpangilio huo huipunja hadithi. Katika ulimwengu wa mchezo huu, ambao Games Workshop ya Uingereza iliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, galaksi ni pana kiasi kwamba mwendo wa kawaida wa meli haufui dafu, na kila taifa limelazimika kutafuta njia ya panya: upenyo wa kutoka nje ya anga tunalolijua na kurejea ndani yake mahali pengine. Upenyo huo ndio unaoamua nani atafika, na silaha zipi, amechelewa kiasi gani, na kitu gani kimemfuata nyuma.

Njia zinazowatatiza waandaaji wengi ni nne. Ya kwanza ni Webway, mtandao wa vichochoro unaotumiwa na jamii ya kale ya Aeldari, ambao humu nitauita Utando. Ya pili ni Warp, bahari ya roho inayovukwa na meli za Dola ya Binadamu. Ya tatu ni Malango ya Dolmeni, ambayo Necron, viumbe wenye miili ya chuma, huyatumia kuuvunja Utando na kuingia bila ruhusa. Ya nne ni Startide Nexus, njia pekee ya namna yake iliyo mikononi mwa T'au, taifa changa la viumbe wasio wanadamu. Tyranid, makundi ya viumbe walafu wanaomeza sayari, nimewaacha kwa makusudi. Kiumbe wao aitwaye Narvhal hutumia mvuto wa mfumo wa nyota wa mbali kukunja anga na kulivuta kundi zima kuelekea huko, na njia ya namna hiyo haina mlango wa kulindwa wala kichochoro cha kupotelea.

Nitazipima zote kwa vigezo vinne: mlango wake na aliyeshika ufunguo, hatari inayovizia njiani, namna safari inavyocheza na muda, na kazi ambayo njia hiyo inampa mwandaaji mezani. Kigezo cha mwisho ndicho ninachokithamini zaidi, kwa sababu simulizi nzuri isiyobadilisha chochote kwenye pambano husomwa mara moja tu, siku ya kwanza, na haikumbukwi tena.

Mlango na ufunguo

Utando ni kazi ya Wazee wa Kale, jamii iliyoangamia katika vita vya mwanzo dhidi ya Necron na miungu-nyota waliowaita C'tan. Aeldari waliurithi na kuufanya uti wa mgongo wa himaya yao. Haumo katika anga letu, wala haumo ndani ya Warp. Umebanwa katikati, kama nafasi iliyopo kati ya koti na bitana yake. Upana wa vichochoro vyake haulingani: baadhi hupitisha meli kubwa za kivita, na baadhi hupitisha watembea kwa miguu peke yao. Kila Craftworld, yaani zile merikebu kubwa mno zilizobeba Aeldari waliookoka, ina lango la kuingilia humo. Kuna malango mengine pia, yaliyoachwa katika sayari ambazo wakazi wake wa sasa huyaona kuwa mawe ya kale yasiyo na maana.

Hakuna mwenye ramani nzima ya Utando. Anguko la Aeldari, lililomzaa Slaanesh, mungu mwovu wa anasa, takribani miaka 10,000 kabla ya wakati wa mchezo, lilipasua sehemu nyingi, na sehemu nyingine zilifungwa na Aeldari wenyewe ili maovu yasienee. Wanaokaribia kuujua wote ni Harlequin, wafuasi wa mungu wao Cegorach, ambao pia huilinda Maktaba Nyeusi iliyofichwa ndani yake. Drukhari, jamaa wakatili wa Aeldari, nao wamefanya makao humo humo. Mji wao, Commorragh, umekua kwa kumeza milki ndogo zilizouzunguka, na unapata mwanga kutoka katika majua yaliyoibwa na kufungwa ndani ya Utando. Kwa hiyo ufunguo wa Utando ni maarifa pamoja na ruhusa: lazima uijue njia, au umjue aijuaye.

Warp haina mlango uliojengwa. Meli ya wanadamu husafiri kwanza hadi pembezoni mwa mfumo wa nyota, kwenye kile kinachoitwa kituo cha Mandeville, kisha huipasua anga yenyewe na kuzama. Ufunguo umegawanywa sehemu mbili. Yupo Navigator, mzaliwa wa koo maalumu mwenye jicho la tatu linaloweza kuitazama Warp bila akili yake kuvunjika, na ipo Astronomican, mwanga wa kiroho unaowashwa kutoka Terra, yaani Dunia yetu, kwa uhai wa wenye vipawa. Masimulizi hutaja roho 1,000 zinazotolewa kila siku kwa ajili ya Mfalme aliyeketi juu ya Kiti cha Dhahabu. Navigator bila Astronomican ni baharia aliyenyang'anywa nyota za usiku. Anaweza kusafiri bado, ila kwa kupapasa, hatua fupi baada ya hatua fupi.

Malango ya Dolmeni ni mtaimbo wa mvunjaji. Necron walipoteza roho zao walipohamishiwa katika miili ya chuma, hivyo Warp haiwapi chochote, na Utando haukujengwa kwa ajili yao. C'tan mmoja, Nyadra'zatha, ndiye aliyewapa siri ya kuupasua kutoka nje. Katika usingizi wao wa miaka milioni 60, mengi ya malango hayo yaliharibiwa, na nasaba inayomiliki lango linalofanya kazi hulilinda kama mtaji wake wa mwisho.

Nexus ina historia fupi na ya kusikitisha. T'au hawana Navigator, na kwa muda mrefu meli zao ziligusa uso wa Warp tu na kurudi, kama mpira unaosukumwa majini ukaibuka. Walipojaribu injini mpya wakati wa Upanuzi wa Nne, wimbi lao la nne la kutanua milki, anga ilipasuka na kuzimeza meli zao. Kutokana na mpasuko huo ilibaki njia thabiti inayounganisha milki yao na eneo la mbali, na ndiyo waliyoitumia baadaye katika Upanuzi wa Tano chini ya Kamanda Shadowsun. Haina siri tena. Midomo yake miwili inafahamika, na ufunguo uko kwa yule ambaye meli zake zimeuzingira mdomo.

Hatari inayovizia

Hapa Warp haina mshindani. Hisia za viumbe vyote huchukua umbo humo, na kinacholitenga kundi la mabaharia na mashetani ni ngao ya Gellar, kiputo cha uhalisia kinachoizunguka meli. Ngao ikififia kwa dakika chache tu, hadithi ya jeshi lako imebadilika daima. Wapo wanaoona hatari hii kuwa kubwa mno kwa kampeni ndogo. Mimi naiona kuwa zawadi kwa mwandaaji, kwa sababu inampa kisingizio halali cha kuleta adui ambaye hakualikwa.

Hatari ya Utando ni ya aina nyingine. Kuta zinapokuwa nzima, msafiri yuko salama kuliko mahali popote katika galaksi. Zinapopasuka, kilichoko nje huingia. Tukio linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko yote ni lile la Terra. Mfalme wa wanadamu alikuwa akijenga kwa siri tawi la Utando litakaloanzia chini ya kasri lake, ili watu wake wasilazimike tena kuitegemea Warp wala koo za Navigator. Mwanawe Magnus, akitaka kumwonya kuhusu usaliti wa Horus, mwana mwingine wa Mfalme, alituma ujumbe kwa uchawi wenye nguvu uliovunja kinga za mradi huo. Mashetani wakamiminika. Walinzi wa Mfalme na Masista wa Ukimya walipigana vita virefu ndani ya vichochoro ambavyo raia wa juu hawakujua kuwa vipo, na Mfalme mwenyewe alifungwa na kazi ya kuuzuia mlango usifunguke. Chini ya mji mkuu wa wanadamu bado kuna mlango mmoja uliozibwa. Sijapata kuona simulizi nyingine ya mchezo inayoeleza gharama ya njia ya siri kwa uzito wa namna hiyo.

Kwa Necron, adui ni njia yenyewe. Utando hutambua ukuta wake unapovunjwa na kuanza kulitenga tawi lililovamiwa, hata kama hakuna Aeldari aliyeliona tukio. Jeshi lililochelewa hujikuta limezibiwa mbele. Nexus nayo ina hatari ya ukimya: walionusurika katika Upanuzi wa Nne walirudi wakiwa wamebadilika, wakiwachukia wageni waliokuwa washirika wao, na masimulizi hudokeza kwamba kitu fulani kilichozaliwa na imani ya washirika hao ndicho kilichowasukuma watoke. Dokezo hilo halijafafanuliwa kikamilifu, na ni heri ulitumie hivyo hivyo lilivyo kuliko kulipa jina na uso.

Saa na kalenda

Kwa Warp, kalenda hazikubaliani. Majuma machache ndani ya meli yanaweza kuwa miezi au miaka nje yake, na zipo simulizi za meli zilizofika kabla ya wito uliozileta kutumwa. Tangu masimulizi ya mchezo yaliposogezwa mbele mwaka 2017, jambo limekuwa gumu zaidi: Ufa Mkuu umeigawa galaksi vipande viwili, na upande wa mbali, unaoitwa Imperium Nihilus, hauioni Astronomican. Kampeni iliyowekwa huko ina haki ya kuwa na kikosi kilichoitwa leo kikafika baada ya mjukuu wa kamanda kuzeeka.

Utando huenda haraka na kwa uhakika, ilimradi kichochoro kiwepo. Guilliman, mwana mwingine wa Mfalme aliyekuwa amelala kwa maelfu ya miaka, alipoamka na kuelekea Terra, safari yake kwa Warp ilivurugwa vibaya, na ni Harlequin waliomwongoza kupitia Utando hadi akaibukia Luna, mwezi wa Terra, alikopambana na Magnus, ambaye sasa ni adui. Mfano huo una mambo mawili kwa pamoja: wepesi wa njia, na ukweli kwamba mgeni haingii peke yake.

Dolmeni huwa na kasi ile ile ya Utando mpaka tawi litakapozibwa, na kuanzia hapo Necron hurejea kwenye meli zao za polepole ambazo abiria wake hulala kwa miaka. Viumbe wasiozeeka wanaweza kuvumilia hilo. Nexus ni fupi na ya kuaminika, na inakwenda mahali pamoja tu.

Mezani

Utando unahitaji ramani, na ramani hiyo isionwe na wote. Katika kampeni moja niliyoiandaa niliwapa wachezaji wote karatasi yenye vichochoro vyote, nikidhani kuwa ndio uungwana, na kufikia pambano la pili walikuwa wakihesabu hatua kama watu wanaocheza bao. Siri ilikufa, na pamoja nayo ikafa sababu ya kuutumia Utando. Kampeni iliyofuata nilitumia kadi zilizofunikwa. Kila kadi ilikuwa njia panda, na kila mstari uliounganisha kadi mbili ulikuwa na alama ya upana: watembea kwa miguu, magari, au meli. Mchezaji wa Aeldari alifunua kadi mbili kwa zamu, wengine moja, na mchezaji wa Harlequin aliruhusiwa kuchungulia kadi asiyoisogelea. Mchezaji aliyeleta vifaru vitatu vikubwa alifika kwenye mstari mwembamba, akavitazama vifaru vyake kwa muda mrefu, kisha akaviacha nyuma na kwenda na askari wa miguu peke yao. Wale askari kumi na wanne waliosalia hadi mwisho wa pambano hilo wana majina hadi leo.

Ni njia yenye kazi nyingi kwa mwandaaji, tena kazi ya kila wiki. Lango lenyewe ni rahisi kuliko ramani. Games Workshop imetengeneza sanamu yake, lakini mikono miwili iliyopinda, iliyochongwa kwa povu gumu na kupakwa rangi ya mfupa, inatosha kabisa, alimradi wachezaji wakubaliane mapema jeshi linatokea umbali gani kutoka hapo.

Warp inahitaji dadu na ujasiri wa kuyakubali matokeo yake. Kila kikosi kirushiwe dadu kabla ya pambano: kimoja kinafika kwa wakati, kingine raundi moja baadaye, kingine kinafika kikiwa na pengo kwa sababu ngao ya Gellar ilitetereka. Haihitaji ramani, na mchezaji mpya huielewa kwa maelezo ya dakika tano. Ubaya wake ni kwamba bahati inaweza kumwonea mtu mmoja mara tatu mfululizo, na mwandaaji asiye na kikomo cha hasara huishia kumpoteza mchezaji pamoja na jeshi lake.

Kwa Dolmeni, chukua dadu moja kubwa na uiweke kando ya lango ikionyesha 5. Kila raundi inapokwisha, igeuze ishuke kwa moja. Pambano la kawaida la toleo la sasa lina raundi 5, kwa hiyo mezani kuna saa ambayo kila mtu anaiona, na askari wa Necron wasiovuka kabla haijaisha hawatavuka kabisa. Mpinzani naye ana chaguo zuri la kusumbua: apigane na waliokwisha kuvuka, au alikimbilie lango lenyewe? Ni kanuni ndogo inayotoa msisimko mkubwa, ingawa haitoshi kubeba kampeni ya miezi.

Nexus haihitaji kanuni mpya hata moja. Chora mdomo mmoja, weka vituo vya ulinzi, na uamue ni upande gani unazingira na ni upi umezingirwa.

Hali yako ndiyo ichague

Kama kundi lenu ni la watu wanne au zaidi, mnaonana mara kwa mara, na kuna mtu mmoja aliye tayari kutunza kadi na siri, Utando utawalipa kwa kila saa mtakayoutumikia. Unawafaa hasa wanaocheza Aeldari, Drukhari, Harlequin au Thousand Sons, jeshi la Magnus, ambao mchawi wao Ahriman anaitafuta Maktaba Nyeusi kwa udi na uvumba. Kama wachezaji wako wanapenda vifaru na mashine kubwa, panua mistari mingi mwanzoni mwa ramani, na uifanye iwe myembamba kadiri wanavyokaribia kile wanachokitafuta.

Kama nusu ya kundi ni wageni wa mchezo, au mahudhurio hayatabiriki, chukua Warp. Mchezaji aliyekosa wiki mbili hahitaji visingizio. Meli yake ilichelewa, na akirudi anaweza kukuta vita vimehama. Weka tu kikomo: hakuna kikosi kitakachopoteza zaidi ya robo ya askari wake kwa dadu ya safari, na hakuna mtu atakayeadhibiwa mara mbili mfululizo. Wanaocheza majeshi ya Dola katika Imperium Nihilus wanaweza kuiongeza hatari hiyo kwa hiari yao.

Kama mna siku moja tu, au pambano moja la kufungia msimu, lango la Dolmeni ndilo jibu jepesi. Humfaa mchezaji wa Necron anayetaka jeshi lake lionekane kama wavamizi wenye haraka, jambo ambalo miguu yao ya polepole mezani haiwapi. Unaweza pia kulipachika ndani ya kampeni ya Utando kama tukio la kati: kadi moja inafunuliwa, na badala ya njia panda kuna ukuta uliopasuka na mwanga wa kijani unaopenya kupitia ufa.

Nexus iwe chaguo lako kama mko wawili, mmoja akiwa na T'au, na mnataka mapambano matatu au manne yanayofuatana mahali pamoja bila kuchora galaksi nzima. Pambano la kwanza liwe nje ya mdomo, la pili kwenye vituo, na la tatu lifanyike ndani yake kabisa, meza ikiwa nyembamba kuliko kawaida na pande zote mbili zikiwa hazina nafasi ya kurudi nyuma.